Uvimbe wa Titi: Tusimfiche Daktari Maradhi Yaliyopita



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona, nalo ni uvimbe wa titi. Tukisikia mwanamke ana saratani titini, sote huamini moja kwa moja kuwa hiyo ni saratani ya titi. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini si kila saratani inayokutwa ndani ya titi ilianzia hapo. Ipo inayotoka sehemu nyingine ya mwili, ikasafiri na damu, ikaja kukaa titini.

Miaka michache iliyopita mama wa mwanafunzi wetu mmoja alipata uvimbe wa namna hiyo. Ulikuwa wa mviringo, haumuumi, na ukiguswa unatembea. Daktari alimuuliza kama amewahi kuugua maradhi makubwa, akajibu hapana. Mumewe na dada yake walikuwepo, nao wakanyamaza. Wote watatu walijua kuwa miaka minne nyuma alikatwa kidonda cheusi katika unyayo, na karatasi ya maabara ikasema ni melanoma, yaani aina ya saratani ya ngozi. Majirani waliambiwa alichomwa na mwiba.

Binti yake alitujia baada ya darasa akauliza: "Ustadhi, nikimwambia daktari, nitakuwa nimemvunjia mama heshima?" Tulimjibu amwombe mama yake ruhusa kwanza, kisha waende pamoja na ile karatasi. Mama alikubali. Kinyama kilipochukuliwa kwa sindano na kupimwa, ikabainika kuwa uvimbe wa titi ni saratani ile ile iliyotoka unyayoni.

Mama yule alifariki mwaka uliofuata, Allaah Amrehemu. Hatusemi kuwa karatasi ile ingemponya. Tunasema ilimwepusha kukatwa titi bila ya faida, na muda uliobakia ukatumika kutibu maradhi yaliyokuwepo kweli.

Ni kweli kuwa hali hii ni nadra. Katika kila saratani 100 zinazokutwa titini, zilizotoka nje ya titi kwa kawaida hazizidi 2. Miongoni mwa zinazojulikana kufika huko ni melanoma, limfoma, saratani ya pafu, ya ovari, ya tumbo na ya figo. Hata mwanamume mwenye saratani ya tezi dume inaweza kumfika titini. Na ubaya wake ni kuwa uvimbe huo mara nyingine huwa laini pembeni na hauvuti ngozi wala chuchu, hata ukadhaniwa ni uvimbe wa kawaida usio na madhara. Jicho na mkono havitoshi. Anayeamua ni mtaalamu wa maabara anayekitazama kinyama kwa darubini na kukipima kwa dawa maalumu zinazoonyesha chembe hizo asili yake ni wapi. Naye akiambiwa kuwa mgonjwa aliwahi kuwa na saratani fulani, hujua la kutafuta. Asipoambiwa, anaweza kupotea.

Sisi tulioko Uganda tuna sababu zaidi ya kulijua jambo hili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago hapa Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Tumezoea kuihesabu kuwa ni maradhi ya watoto, lakini imeonekana pia kwa wajawazito na wanaonyonyesha, matiti yote mawili yakavimba kwa haraka. Nyumbani watu husema ni maziwa yameganda, au ni jipu, au ni jicho la watu. Kukata matiti si tiba yake. Inatibiwa kwa dawa za saratani, na ikiwahiwa huzikubali dawa hizo vizuri. Basi tazameni tofauti iliyopo: uvimbe mahali pale pale, lakini tiba nyingine kabisa.

Ama wapo watakaosema kuwa Uislamu umetufundisha sitara, na kwamba maradhi ya mwanamke yakijulikana mabinti zake hawataposwa. Tunaijua hofu hiyo, na hatuidharau. Lakini sitara ni kwa majirani na kwa wapita njia, si kwa tabibu tuliyemwendea wenyewe atutibu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alituhimiza kutafuta tiba, na wanavyuoni wameruhusu tabibu kutazama sehemu ya mwili inayositiriwa pale panapokuwa na haja. Ikiwa mwili wenyewe umeruhusiwa kutazamwa kwa ajili ya tiba, vipi tutaificha habari yake? Anayemficha daktari hamsitiri mgonjwa, bali anamdhuru.

Hivyo basi tunazishauri familia zetu mambo haya. Kila karatasi ya upasuaji na ya maabara iwekwe pamoja na vyeti vya nyumba, isichanwe kwa aibu. Mgonjwa akiulizwa maradhi yaliyopita aseme yote, hata kidonda cha mguu, hata mtoki uliokatwa zamani. Akiona haya mbele ya watu, aombe abaki na daktari peke yake au pamoja na mahaarim wake. Na kabla ya kukubali titi likatwe, familia iulize: kinyama kimepimwa? Kimeonyesha saratani imeanzia wapi?

Wala asitokee mtu akayachukua maneno yetu kuwa sababu ya kungoja. Uvimbe wowote wa titi, wa mke au wa mume, upelekwe hospitali mapema, kwani mwingi katika ulio saratani ni saratani ya titi yenyewe, nayo ikiwahiwa ina tiba.

Binti yule alidhani atamvunjia mama yake heshima. Sisi tunaona kuwa katika nyumba ile, yeye ndiye aliyemheshimu zaidi.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu na Awarehemu waliotangulia. Aamiyn.