Kila Homa Mtaani ni Taifodi? Hebu Tuulize Lab Maswali

Kichwa inagonga, mwili imelegea, unaingia lab ya mtaa. Unatolewa damu, unangoja kidogo, msee wa koti nyeupe anakupea karatasi: una taifodi. Unatoa doh ya dawa, unaenda hao. Miezi mbili baadaye, story ni ile ile. Manze, kwani mtu mmoja anaweza shikwa na taifodi mara ngapi kwa mwaka?

Hiyo kipimo ya chap chap kwa lab nyingi inaitwa Widal, na imekuwa hapa tangu 1896. Shida yake ni hii: haitafuti bakteria mwenyewe. Inatafuta kingamwili, yaani silaha zenye mwili ilitengeneza kupigana naye. Kama uliugua taifodi kitambo, ama ulipigana na bakteria wengine wanaofanana naye, Widal inaweza sema uko nayo leo na hauna. Ni kama karao akushike juu alama za vidole vyako zimepatikana kwa nyumba ulihama mwaka jana.

Kipimo yenye iko na uzito ni ya kuotesha. Damu inawekwa kwa chupa maalum, wanangoja siku kadhaa waone kama bakteria watamea. Hata hiyo hukosa wagonjwa wengine, sanasana kama ulikuwa ushameza antibiotiki. Lakini inataka vifaa, doh na subira. Widal ni rahisi, na jibu lake linauza dawa. Kama lab na duka la dawa ni za mtu mmoja, jiulize nani anakula ukiitwa mgonjwa.

Na hasara si ya mfuko tu. Bakteria wa taifodi wanaostahimili dawa kadhaa tayari wamepatikana Nairobi, na kumeza antibiotiki ovyo kunawapa nguvu zaidi. Halafu ugonjwa wako wa ukweli, labda malaria ama nimonia, unaendelea kukumaliza polepole.

Sisemi wasee wa lab wote ni matapeli. Wengi wamesoma na wanajituma. Na sheria iko tangu 1999: lab na wafanyakazi wake lazima wasajiliwe na bodi inayoitwa KMLTTB. Kwa hivyo kabla utoe mkono, uliza:

Moja, leseni ya KMLTTB iko wapi, na ni ya mwaka huu?

Mbili, hii kipimo inatafuta bakteria ama kingamwili?

Tatu, kemikali zenu zinaisha lini? Za Widal hukaa kwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Stima ikipotea mtaani, zinakaa wapi?

Akikasirika, hilo pia ni jibu. Toka.

Lakini usidharau homa, juu taifodi ya ukweli huua. Nenda penye daktari anakuangalia wewe kwanza, karatasi baadaye.