Mshambuliaji Kijana Hapimwi kwa Siku Moja

Kila mashindano ya shule au ya vijana yanapomalizika katika wilaya za Handeni na Korogwe, jina la kijana mmoja hubaki midomoni mwa watu. Aghalabu huwa ni mshambuliaji. Mlinzi aliyezuia hatajwi, wala kiungo aliyetoa pasi ya mwisho. Hutajwa yule aliyeutia mpira wavuni. Kwenye kahawa, stendi na sokoni, washabiki hukaa kumpima. Mmoja atasema kwamba kijana huyo amekwisha kupita kiwango cha wilaya. Mwingine atataka apelekwe Simba au Yanga kesho asubuhi. Wa tatu atadai hana lolote, kwa kuwa jana alikosa bao la wazi. Wenzetu wa Unguja na Pemba wanayajua vyema mazungumzo hayo, maana ndiyo yale yale yanayosikika nje ya viwanja vya Amani na Gombani.

Mazungumzo hayo si ya kubezwa. Mshabiki wa kijijini ndiye mwenye jicho la kwanza. Kabla mwalimu wa klabu kubwa hajamsikia kijana, mshabiki amekwisha kumwona mara kumi. Lakini hukumu ya mshabiki ina haraka, na gharama ya haraka hiyo hailipwi na mshabiki, bali hulipwa na kijana mwenyewe, na wazazi wake, na wilaya iliyomlea.

Wahenga walisema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ni kweli, lakini hawakusema kwamba kila kinachong'aa asubuhi ni nyota. Kijana wa miaka 14 aliyewahi kukua kimwili huwapita wenzake kwa kifua na miguu. Atafunga mabao mengi, naye ataitwa hodari. Wenzake wanapofikia kimo chake, wakiwa na miaka 18, nguvu ile haimfai tena. Na ikiwa hakufundishwa kutumia mguu wa pili, kujiweka mahali pasipo na mlinzi na kuutuliza mpira kwa mguso mmoja, hana akiba nyingine. Ndiyo maana mwalimu mzuri humtazama mshambuliaji zaidi wakati asipokuwa na mpira kuliko wakati anapokuwa nao. Mshabiki huhesabu mabao; mwalimu huhesabu ni mara ngapi kijana alifika mahali ambapo bao lingeweza kupatikana.

Mkoa wa Tanga unao mfano ulio karibu. Tarehe 2 Julai 2022, mjini Arusha, Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu, aliifungia Coastal Union mabao matatu katika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Mchezo ulimalizika kwa sare ya mabao 3 kwa 3, na Yanga wakalitwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Siku ile nchi nzima ilimjua kijana huyo, na mwaka huo huo akahamia Azam. Hakuna anayeweza kuyafuta mabao yale. Hata hivyo, mshambuliaji aliyefunga matatu katika fainali hudaiwa na washabiki matatu mengine kila anapoingia uwanjani. Deni hilo hakuna binadamu awezaye kulilipa.

Mfano wa pili ni wa Kelvin John. Alipokuwa katika timu ya vijana walio chini ya miaka 17, iliyocheza fainali za Afrika jijini Dar es Salaam mwaka 2019, washabiki walikwisha kumpachika jina la Mbappé, mshambuliaji wa Ufaransa aliyekuwa ametwaa Kombe la Dunia mwaka mmoja kabla. Kijana huyo alikwenda kusoma na kucheza Uingereza, akajiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021, kisha Aalborg ya Denmark mwaka 2024. Hiyo ni njia ya heshima, ambayo Watanzania wachache wameipita. Lakini kwa aliyempima kwa jina la kupachikwa, njia hiyo itaonekana fupi. Kosa haliko kwa mchezaji. Liko kwenye kipimo.

Linganisheni na Mbwana Samatta. Aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi akiwa na miaka 18. Alikaa huko zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, na mwezi Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Alikwenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, katika klabu ya Aston Villa. Wakati huo alikuwa na miaka 27. Kutoka Msimbazi hadi Birmingham ilikuwa safari ya karibu miaka tisa, na hakuruka hatua hata moja.

Tunayasema haya kwa sababu Handeni na Korogwe hazina tena ngazi ndefu ya kumpandisha kijana. Coastal Union ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1988. Handeni nayo ilikuwa na timu yake katika Ligi Kuu, yaani Mgambo JKT ya Kabuku, iliyotumia uwanja wa Mkwakwani. Msimu wa 2015/16 ulipokwisha, timu zote tatu za mkoa, Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja. Coastal Union ilirejea msimu wa 2018/19. Wenzake hawakurudi nayo. Kijana wa Handeni aliyekuwa akiona timu ya Ligi Kuu wilayani kwake sasa hana budi kuitazama Tanga mjini, au Dar es Salaam. Anapoondoka, mara nyingi huondoka mikono mitupu, bila karatasi yoyote ionyeshayo nani alimlea.

Hapo ndipo jambo hili linapowahusu viongozi wa serikali. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa umri wa miaka 12 hadi 23. Tuseme kijana ameuzwa kwa dola 1,000,000. Klabu iliyomlea akiwa na miaka 12 hadi 15 hupata dola 2,500 kwa kila msimu. Kuanzia miaka 16 ni dola 5,000 kwa kila msimu. Klabu ya Korogwe iliyomlea tangu miaka 12 hadi 17 ingepata dola 20,000 kwa mauzo hayo pekee. Fedha hizo zingetosha kununua mipira, viatu na nauli kwa vijana wengi.

Lakini fedha hizo hailipwi timu isiyosajiliwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, FIFA inayo taasisi maalumu ya kugawa malipo ya namna hiyo, nayo hufuata kumbukumbu za usajili za kila mchezaji. Mwalimu wa mtaa aliyemfundisha kijana kwa miaka sita bila kumwandikisha katika klabu inayotambuliwa hana cha kudai. Wilaya imelima, imepalilia, na mavuno yamekwenda ghala la mwingine.

Kuna pia suala la umri. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana walio chini ya miaka 17 iliondolewa katika fainali za Afrika kwa sababu ya umri usio sahihi. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za mfupa wa kifundo cha mkono katika mashindano ya umri huo, na udanganyifu umekuwa mgumu kufichika. Anayempunguzia kijana miaka humwibia mdogo wake nafasi, na humwandalia yeye mwenyewe aibu. Cheti cha kuzaliwa ni kifaa cha mpira kama vilivyo viatu.

Kwa hiyo tunatoa rai. Halmashauri nne za wilaya hizi, yaani Handeni Mji, Handeni Wilaya, Korogwe Mji na Korogwe Wilaya, ziwatake maofisa wao wa michezo washirikiane na vyama vya mpira vya wilaya kuweka daftari la vijana kuanzia miaka 12: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, klabu na misimu aliyocheza. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa. Yahitaji mtu mwaminifu na kalamu. Viwanja vya shule na vya wazi vilindwe visimegwe. Na mzazi anayefuatwa na mtu mwenye ahadi za Ulaya ajue kwamba kanuni zinakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wake wa Shirikisho la Afrika uliopatikana Machi 2017 ulifutwa miezi michache baadaye. Hata hivyo vipaji vinavuka bahari kila mwaka. Feisal Salum alitoka JKU ya Zanzibar kwenda Yanga mwaka 2018, na leo hakuna anayeuliza kama anafaa timu ya taifa. Kumbukumbu za usajili za pande mbili zikisomana, klabu ndogo ya Wete au Makunduchi itakuwa na haki ile ile tunayoidai kwa Mombo na Mkata.

Mshabiki naye anayo kazi yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na kijana akizomewa kabla hajakomaa huacha mpira. Asifiwe kwa kiasi, akosolewe kwa adabu, apewe misimu mitatu kabla ya kupewa jina la mtu mwingine. Na anapofunga bao, swali la kwanza la mshabiki mwenye kulitakia mema soka letu lisiwe atakwenda klabu gani. Liwe hili: je, ameandikishwa?