Bibi na Mjukuu Wanaovuka Barabara

Mwaka 2021 Papa Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai. Hapa Ruaha Mbuyuni, wazazi wanapokuwa kwenye mashamba ya vitunguu, mtoto hubaki na bibi. Dominika wawili hao huvuka barabara kuu ya Iringa–Morogoro kwenda Misa: bibi anajua pa kuvukia, mjukuu anaona lori linalokuja. Urafiki huo ni neema. Lakini tusiufanye kisingizio: bibi anayelea bila unga wala dawa ametwishwa mzigo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wenye miaka 60 na kuendelea. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo ziwatambue kwa majina, zikabishe hodi kwao.