TULIKEMEA MAJINI, TUKAMFUKUZA MWENZETU

Mada niliyoichagua si tamu, na kuna watakaonuna wakiisoma. Lakini wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki mimi nimekilalia.

Ilikuwa muhula wa pili mwaka jana, baada ya masomo ya usiku. Taa za bweni zilikuwa zimezimwa. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alipiga ukemi, akaanguka chini huku akirusha miguu na kusema anakabwa koo. Kabla matroni hajafika, wengine watatu walikuwa sakafuni. Kulipopambazuka walikuwa kumi na mmoja, na bweni zima lilikuwa na neno moja tu mdomoni: majini!

Mimi nilikuwa katibu wa chama chetu cha maombi. Tuliimba, tukakemea, tukalizunguka bweni mara saba kama Waisraeli kule Yeriko. Sauti zilitukauka. Kadiri tulivyokemea ndivyo walivyozidi kuanguka. Usiku wa tatu tukaanza kuulizana, ni nani kayaleta? Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kulikuwa na mwenzetu wa kidato cha pili, Mwislamu kutoka Pwani, mpole, hodari wa insha. Alikuwa na pete ya fedha aliyopewa na nyanyake. Basi, ushahidi ukatosha! Kwani nani hajui majini hutoka Mombasa? Eti hivyo ndivyo tulivyosema, na wengi wetu hatujawahi hata kuvuka Mtito Andei.

Vitu vyake vilitupwa nje. Alipoketi bwaloni, meza nzima ilihamwa. Nilijua ni uongo, nikanyamaza. Mimi niliyepaza sauti kuliko wote nikiwakemea pepo nisiowaona, nilikosa neno moja la kuwaambia wasichana ninaowaona.

Tafadhali nieleweke. Sisemi shetani hayupo, naamini yupo. Wala hofu hii haikuanza na sisi. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka wa 1999. Na kule Kashasha, karibu na Bukoba, mwaka wa 1962, kicheko kisichozuilika kiliwashika wanafunzi 95 kati ya 159 wa shule moja ya wasichana hata shule ikafungwa. Madaktari walipima, wasione ugonjwa wowote mwilini. Kama yetu yalikuwa mapepo au woga wa kuambukizana, wajuzi wataamua. Ninalouliza mimi ni hili: Mkristo afanye nini usiku kama ule?

Wiki ile tulihubiri sana kisa cha Elisha kule Dothani, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6. Mtumishi wake aliamka asubuhi akaona jeshi la Washami limeuzingira mji. Elisha akamwombea afumbuliwe macho, naye akaona mlima umejaa farasi na magari ya moto. Hapo tulipiga vigelegele, tukafunga Biblia. Kumbe kisa kinaendelea! Maadui wanapigwa upofu, wanaongozwa mpaka Samaria, na mfalme anauliza kama awaue. Elisha anakataa. Anaagiza wapewe chakula na maji, warudi kwao, nao wanaandaliwa karamu kubwa. Mtu anayejua kwamba walio upande wake ni wengi hana haja ya kumdhuru yeyote. Sisi tulihitaji mtu wa kulaumu kwa sababu, tuseme ukweli jamani, hatukuamini kwamba tuna mlinzi. Ule ulikuwa woga uliovaa kanzu ya imani.

Aliyekuwa na imani usiku ule hata si mwanachama wetu. Ni msichana mkimya, nasikia hajawahi kuombea hadharani hata chakula. Usiku wa nne alibeba godoro lake, akalitandika kando ya kitanda cha yule aliyesingiziwa, akamwambia, "Lala dada, mimi nipo." Kisha akalala, tena kwa kukoroma! Hakukabwa na chochote.

Lakini alikuwa mmoja, nasi tulikuwa wengi. Wiki iliyofuata mama mtu alikuja. Mwenzetu alipita mbele ya bweni na sanduku lake kichwani, hakutuangalia, na mpaka leo hajarudi. Nimeandika barua ya kumwomba msamaha mara tatu nikaichana. Ya nne ninayo ndani ya Biblia, na anwani ya kwao nimeipata. Sitaitia posta mpaka mwisho wa juma hili. Wanachama wenzangu mliokuwepo usiku ule, chini ya jina langu nimeacha nafasi ya sahihi zenu.