UFUGAJI WA NYUMBANI: Vyumba Viwili kwa Jozi Moja ya Njiwa

Mfuga njiwa katika Majengo, iwe ni Majengo ya Meru au ya Embu, hutazamia kupata kitoweo cha nyumbani na fedha kidogo za madaftari ya watoto. Mara nyingi huambulia hasara: mayai yamevunjika, makinda wamekufa, njiwa wakubwa wamehamia kwa jirani. Lawama yote humwangukia paka, au jirani mwenyewe. Yafaa kwanza kukitazama kibanda, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jike la njiwa hutaga mayai mawili, naye na dume lake huyaatamia kwa zamu muda wa siku 18 hivi. Makinda wakiisha kuanguliwa, hulishwa uji laini utokao kooni mwa wazazi wote wawili, nao hukaa kiotani karibu mwezi mzima. Lakini jike hangoji. Makinda wakiwa na majuma mawili au matatu tu, huwa tayari kutaga tena. Ikiwa chumba ni kimoja, mayai mapya hukanyagwa na makinda, huchafuka na kuvunjika.

Basi kila jozi ipewe nafasi mbili. Vibanda vingi vya mbao ni safu za visanduku vya futi moja kwa futi moja, wala hapana haja ya kuvivunja. Fundi na aung'oe ubao utenganao visanduku viwili, kipatikane chumba chenye upana wa futi 2. Kisha auzibe mlango mmoja, na katikati ya sakafu apigilie ubao wenye kimo cha inchi 4. Upande mmoja watakaa makinda, upande wa pili yatatagwa mayai. Kazi hiyo ifanywe wakati ambapo visanduku hivyo havina mayai wala makinda.

Maarifa ya namna hii yametumika kwingineko. Marekani yuko mbayuwayu mkubwa wa rangi ya zambarau, ambaye upande wa mashariki wa nchi hiyo hutegemea nyumba atengenezewazo na watu. Wenyeji wa asili walimtundikia vibuyu tangu zamani. Vyumba vya inchi 6 kwa 6 vilikuwa vifupi mno: bundi aliweza kuingiza mguu na kunyakua kinda, na mvua ilifika kiotani. Watu wakaunganisha vyumba viwili kuwa kimoja chenye urefu wa inchi 12, na kiota kikawa mbali na mlango.

Mambo mengine matatu yasisahauliwe. Kwanza, mlango uelekezwe mbali na upande upigwao na mvua, kwani mashariki ya Mlima Kenya mvua ni nyingi, na Julai huleta ukungu na baridi. Pili, debe tupu si nyumba njema: mchana huwaka joto, usiku hupoa upesi. Tatu, nguzo izungushiwe bati laini ili paka na panya wasipate pa kushika. Samadi ikwanguliwe kila juma na kupelekwa kwenye lundo la mbolea.

Gharama ya haya yote ni misumari, kipande cha bati na kazi ya nusu siku. Njiwa hafungwi kamba. Hukaa pale apatapo nafasi ya kulea.