Kitabu Kipo, Ila Jina Limeandikwa Vingine

Juma lililopita binti yetu, mwanafunzi wa kidato cha tano, alitujia amekunja uso. Mwalimu wake alimwagiza aandike juu ya wanavyuoni wa Afrika Mashariki, naye akafungua katalogi ya maktaba kwenye simu, akaandika: vitabu vya Sheikh Abdallah bin Saleh al-Farsy. Jawabu likaja kwamba hakuna kilichopatikana. "Baba, huyu Sheikh hana kitabu maktabani," akasema, na alikuwa tayari kuliandika hilo katika kazi yake!

Tukaketi naye. Katalogi haielewi swali kama mkutubi alielewavyo; yenyewe hulinganisha herufi kwa herufi, na nyingi hutaka kila neno uliloandika lionekane katika maelezo ya kitabu. Neno "vitabu" halimo humo, wala "bin" huenda halimo. Tukamwambia afute yote, abakishe Farsy tu. Vikajitokeza.

Hapo ndipo tulipomwonyesha taabu yenyewe ilipo. Majina yetu yametoka katika herufi za Kiarabu, na kila mwandishi huyaandika kama sikio lake lisikiavyo: Abdulla, Abdalla, Abdallah, Abdullah. Marehemu Sheikh, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyetufasiria Qurani Takatifu, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969. Kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1989, na humo jina lake limeandikwa Abdallah Salih. Anayeng'ang'ania Saleh aweza kukipita kitabu kile kile anachokihitaji.

Dawa ni kinyota. Katika katalogi nyingi alama hii * hushika nafasi ya herufi zilizobaki, hivyo Abd* huleta majina yote manne, na Fars* huleta Farsy na Farsi pamoja. Hata neno Qurani lahitaji subira hiyo: jaribu Kurani, Quran na Koran kabla ya kukata tamaa. Anayelijua jina kamili la kitabu na alifunge ndani ya alama za kunukuu.

Ukishapata kitabu kimoja kilicho sawa, usiifunge kurasa yake haraka. Tazama palipoandikwa mada, ubonyeze hapo, na jirani zake watajitokeza, wengine ambao hukuwajua hata kwa majina. Mada hizo mara nyingi huwa kwa Kiingereza hata kama kitabu ni cha Kiswahili. Wazazi mliosoma msaidieni mtoto hapo.

Binti yetu alinakili namba za rafuni kabla ya kutoka nyumbani. Jioni akarejea na kurasa sita za maandishi ya mkono, kwani kitabu husomwa humo humo, hakiazimwi. Sasa anamtafuta Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, na ametuuliza aanze na Amin au Mazrui. Tumemwambia ajaribu yote mawili.