Mussolini alianguka, msanifu wake akabaki na kazi
Kila Papa mpya akichaguliwa, kamera huonyesha barabara pana inayoelekea Kanisa la Mtakatifu Petro. Ni Via della Conciliazione. Mwaka 1936 Mussolini mwenyewe alishika sururu kuanza kubomoa mtaa uliokuwepo pale. Wachoraji wa ramani: Marcello Piacentini na Attilio Spaccarelli.

Mussolini aling'olewa 1943. Piacentini je? Aliendelea kupata kazi. Ramani ya enzi za dikteta ikamaliziwa na jamhuri, 1950, na hapo ndipo penye utata. Baadaye akashirikiana na Nervi kuchora ukumbi wa Roma ambako Muhammad Ali, bado akiitwa Cassius Clay, alibeba dhahabu ya Olimpiki 1960.

Msanifu mwenzake Giuseppe Pagano aliupa ufashisti kisogo. Alifia kambi ya Mauthausen, Aprili 1945.